Chui wa Kahongya

Onésime alipanda ngazi, akasogeza ubao wa dari, akashusha bunduki ya marehemu baba yake, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuishika ni kukaa chini. Hakukaa kwa sababu bunduki ilikuwa nzito. Alikaa kwa sababu alikuwa amechoka, uchovu ule ambao mtu analala nao na asubuhi anaukuta umeshaamka, umekaa kwenye ukingo wa kitanda ukimsubiri avae viatu. Na asidhani mtu kwamba ni yeye peke yake. Mji wote wa Butembo ulikuwa umechoka namna hiyo. Watu walizika, wakarudi sokoni, wakauza, wakazika tena.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kusaga muhogo na mahindi. Alikuwa amepita miaka sitini, mgongo ulianza kumgomea, na mikono yake ilinuka mafuta ya mashine hata siku ya ibada.

Safari hii aliyekufa alikuwa Jéthro, kaka yake mkubwa, aliyeuawa kwa panga na waasi wa msituni shambani kwake ng'ambo ya Manguredjipa akivuna kakao. Mwana wa Jéthro, Malachie, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alimzika baba yake harakaharaka pamoja na majirani, kisha akatembea, akapakiwa, akatembea tena, mpaka akafika Butembo kwa baba yake mdogo. Alifika na shati la marehemu mwilini. Akala, akalala, akasalimu wageni vizuri kama kijana aliyelelewa. Halafu siku moja alimwambia bibi yake maneno machache ambayo Onésime aliyasikia akiwa uani, na ufunguo wa kukazia nati ukamtoka mkononi.

"Koko, minaomba bunduki ya sokulu."

Bibi mwenyewe, Mama Kyakimwa, mama yao Onésime na Jéthro na mjane wa huyo sokulu, yaani babu, alikuwa amebakiwa na meno machache lakini amri zake zote zilikuwa bado imara kinywani.

"Ni yako," akajibu, hata hakufikiri. "Jéthro alikuwa wa kwanza, na weye ni wa kwanza wa Jéthro. Sokulu yako alipiga chui na ile bunduki. Na weye enda upige bale benye banatumaliza."

Vijana wa mtaa waliotoka upande wa Manguredjipa walikuwa wanajipanga kurudi kulinda mashamba ya wazazi wao, wengine na mapanga, wengine na magobole ya kujitengenezea. Wangeondoka Jumapili baada ya ibada. Onésime aliwafahamu wengi wao, na aliwafahamu pia waliotangulia, ambao mama zao siku hizi walipita njiani wakitazama chini.

"Mama," akasema akiingia, "munipe kwanza hii bunduki niiangalie. Mi ni mufundi. Siwezi kupatia mutu chombo sijakipima."

Malachie akamtazama. "Mpaka siku ya Yenga, papa mudogo."

"Mpaka siku ya Yenga," Onésime akakubali, Jumapili ileile.

Sitamsingizia Onésime mema. Hakutaka kuipima bunduki, alitaka kuikuta imekufa. Alitaka aseme, mwanangu, hiki ni chuma chakavu, kaa nyumbani. Angeweza kuipiga nyundo na kusema imevunjika yenyewe, na wazo hilo lilimjia zaidi ya mara moja. Lakini kijana angejua. Angeondoka na panga akiamini kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu mwongo, na asingemsikiliza tena mpaka kaburi la mmoja wao. Kuipeleka kwa wanajeshi nako hakukufaa, maana tangu jeshi lishike uongozi wa mkoa, mtu akikutwa na bunduki hapewi muda wa kueleza kwamba ni urithi. Kilichobaki ni kuitafutia ukweli wake.

Na ukweli, kwa ukoo ule, ulikuwa mmoja tu. Kila mtu aliujua kama anavyojua njia ya kwenda chooni. Kahongya, baba yao, alipokuwa kijana kule Vuhovi, alimvizia chui aliyekuwa anamaliza mbuzi wa watu. Chui akamrukia, akamng'ata mkono wa kushoto, vidole vitatu vikaenda. Kahongya kwa mkono wa kulia akamfyatulia mdomoni. Kipande cha ngozi ya chui huyo ndicho kilichoshonwa kuizunguka bunduki, pale mbele ambapo mkono wa kushoto hushika. Hakuna harusi ya ukoo iliyofungwa bila hadithi hiyo. Mchungaji mmoja aliwahi hata kuihubiri, akaifananisha na habari za Danieli, ingawa Danieli hakumpiga mtu risasi. Mama Kyakimwa aliolewa wakati mkono umeshakuwa hivyo, lakini kwa jinsi alivyosimulia ungedhani yeye ndiye aliyemshikilia chui mkia.

Basi Onésime aliingia katika karakana yake nyuma ya nyumba, akafunga komeo, akailaza bunduki juu ya meza ya kazi. Ilikuwa ile ya kuwindia watu wanayoita kalibre duze, yaani kumi na mbili, mitutu miwili ubavu kwa ubavu na nyundo mbili zilizosimama nje. Alijaribu kuikunja ifunguke, ikakataa. Akaitia mafuta, akasubiri, akajaribu tena, ikakubali huku ikilia. Alimulika ndani ya mitutu na telefone. Kutu ilikuwa imekula vishimo kila mahali. Kiungo kilikuwa kimelegea, akitikisa kinacheza. Nyundo ya kulia ilikamata, ya kushoto iliteleza. Kitako kilikuwa kimepasuka zamani na mtu akakifunga kwa waya.

Angepaswa kufurahi, lakini hakufurahi. Kila ubovu aliouona pale alijua dawa yake, na Malachie alijua kwamba anajua. Kiungo kinakazwa. Nyundo inachongwa. Kijana angesema, weye ni mufundi, tengeneza, na angekuwa na haki.

Akaipangusa kwa petroli na kitambaa. Chini ya mitutu kukatokea alama ndogo yenye umbo la yai, herufi tatu ndani na taji juu yake. Ubavuni, chini ya masizi na mafuta yaliyoganda miaka mingi, kulikuwa na maandishi, lakini macho yake ya siku hizi yaliona L na E tu, kisha vumbi. Akachukua chombo chake cha kupimia, akapima kina cha mahali pa kuwekea kartushi, yaani risasi zake, akapata milimita sitini na tano. Hakujua namba ile inamwambia nini. Akapiga foto kila upande.

Alipogusa ile ngozi, mama yake, aliyekuwa amekuja kukaa mlangoni na ungo wake wa maharagwe, akapaza sauti kutoka nje bila hata kuona.

"Onésime! Ile ngozi usiguse!"

Akaiacha.

Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki kwenda Beni. Bunduki yenyewe ilibaki darini, yeye akabeba foto. Kila kizuizi njiani kilimuuliza anatoka wapi na anaenda wapi, maswali ambayo miaka hii mtu hujiuliza hata bila askari. Motari, mwenye pikipiki, aliendesha macho mbele. Katika vijiji vingine milango ilikuwa imefungwa kwa mbao za msalaba, na Onésime akajikuta anatazama mgongo wa motari tu ili asizihesabu.

Huko Beni alimwendea mtu aliyeitwa Phinées. Zamani, kabla macho hayajapungua, Phinées alikuwa mtunza silaha wa walinzi wa mbuga. Alizisafisha, alizifungia, alizihesabu. Sasa alikuwa mzee anayefuga bata nyuma ya nyumba yenye nafasi nyingi mno, kwa kuwa watoto walikuwa wametawanyika, wengine Kampala, wengine hawakujulikana. Walifahamiana tangu ujanani, walipoimba kwaya moja.

"Wavukire, yaya Phinées," Onésime akamsalimu kwa Kinande, kama mdogo kwa kaka.

"Wavukire. Kaa. Unaniletea bunduki mu telefone, vizuri. Benye banazileteaka mukononi, bananileteaka na matatizo."

Onésime akamweleza yote: Jéthro, Malachie, Jumapili. Phinées hakutoa pole ndefu. Beni pole zilikuwa zimeshachakaa, watu walizitoa kwa kutikisa kichwa. Akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasogeza telefone karibu na pua.

"Hii alama ni ya Liège, kule Belgique," akasema. "Banapimaka kila bunduki mbele ya kuuzisha. Lakini hii haiko bunduki ya tajiri. Ni ya magazini, ya duka tu. Nafasi ya kartushi ulipima?"

"Sitini na tano."

Phinées akavua miwani. "Na zile banauzishaka leo, unajua ni ngapi?"

"Sijue."

"Sabini. Ona, mbele haijapigwa ni fupi, inaingia muzuri, inakudanganya. Ukipiga, mudomo wake unajifungua, na mule nafasi ya kujifungua haiko. Moto unakosa njia. Donc unajifanyia ingine."

"Na hii kutu?"

"Kutu inausaidia kuchagua pa kutokea." Akavaa tena miwani. "Ule kijana iko na kartushi?"

"Anasema atapata."

"Batapata. Sukari njo inakosekanaka, kartushi hapana."

Onésime alijua kwamba kile alichokifuata amekipata. Lakini Phinées alikuwa bado anasogeza foto kwa kidole, na uso wake ukaanza kuchangamka, uso wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani njiani.

"Hapa ku ubavu kuko mandiko. Kuza, kuza kidogo. L, E... Léopard. Angalia, hata ka-nyama kenyewe kako hapa, kamechorwa. Le Léopard! Ah! Mi nilikuta mbili mu depoti, nikiwa kijana. Ba-planteur, bazungu ba mashamba, balikuwa banapatiaka bawindaji babo, sababu zilikuwa za bei ya chini. Na bawindaji, Kifaransa kilikuwa kinabashinda, baliziita Chui tu. 'Chui yangu imekosa leo.' 'Chui yangu imekunywa maji.' Ukisikia muzee wa namna ile anasema Chui, mara mingi hasemi nyama ya pori. Anasema bunduki yake."

Onésime akainama, akayatazama maandishi yale mwenyewe.

"Na hii ngozi hapa mbele ni ya nini?" Phinées akauliza.

"Ni ya chui."

"Ya chui gani?"

Onésime akainua mikono yake miwili kana kwamba ameshika bunduki, wa kulia nyuma, wa kushoto mbele, akatazama kiganja chake cha kushoto kimekaa wapi. Kilikaa palepale penye ngozi. Vidole vitatu vya mwisho vilizunguka mtutu wa kulia sawasawa.

"Papa yako alipotezaka bidole bya mukono gani?" Phinées akauliza taratibu.

"Wa kushoto."

"Na yeye mwenyewe, na kinywa chake, alisemaka nini?"

Kahongya hakuwa mtu wa maneno. Onésime akatafuta kichwani, akarudi nyuma mpaka utotoni, akiondoa sauti ya mama, sauti za wajomba, sauti ya mchungaji. Alipoziondoa zote, lilibaki neno moja la baba yake, alilomwambia kila aliyemuuliza, tena bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Alisemaka: Chui alinikula bidole."

"Basi," Phinées akasema, "hakumudanganya mutu."

Wakati wa kurudi mvua iliwanyeshea, na Onésime hakujikinga. Alikuwa na dawa ya kumzuia kijana sasa, dawa kali kuliko aliyoiomba, na moyo wake ulimuuma, maana wa kuinywa kwanza alikuwa mama yake. Mwanamke yule alikuwa amezika mume, na sasa mwana. Alichobakiwa nacho ni chui. Onésime alifikiria kumwacha naye. Halafu akamfikiria Malachie na vidole vyake vyote kumi, akamwambia motari aongeze mwendo.

Jumamosi alimkuta mama yake palepale mlangoni na ungo wake. Akakaa kwenye kigoda, akamweleza. Hakumficha kitu na hakumpamba mtu. Mama Kyakimwa aliendelea kumenya maharagwe mpaka mwisho wa maneno, kisha akaweka ungo chini.

"Leta wembe," akasema. "Na ile bunduki."

Onésime akavileta vyote viwili karakanani. Alidhani atakata yeye, lakini mama akamnyang'anya wembe. Akazikata zile nyuzi mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mkono uliotulia kuliko wa mwanawe. Ngozi ilikuwa imekauka ikawa ngumu. Alipoibandua, upande wa ndani, mahali ambapo hapakusuguliwa na kiganja cha mtu, kulikuwa kumebaki nywele chache. Zilikuwa nyeupe, ndefu, na mtu yeyote aliyewahi kuchinja angezijua.

"Mbuzi," Mama Kyakimwa akasema.

Chini yake mtutu wa kulia ulikuwa umepasuka kwa urefu, umefunguka kama ganda la haragwe. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameupigapiga ukajifunga, akamimina shaba ya manjano kwenye ufa, akaacha mshono mnene usiopendeza. Onésime alipitisha ukucha juu yake. Kazi ya mtu mwenye haraka, akawaza, au mtu mwenye aibu. Mama yake naye akagusa, akauacha mkono wake pale.

"Nilimuuliza siku tulioana," akasema. "Nikamuambia, huu mukono ulifanywa na nini? Akasema, Chui. Nikamuambia, na ile chui ilienda wapi? Akasema, iko mu nyumba, inalala juu ya mulango. Nikacheka! Nilifikiri ananichezea, sawa bwana arusi na bibi yake." Akaweka wembe juu ya meza. "Na unajua, kila mara nilisimuliaka batu ile habari, alikuwa anatoka inje. Kila mara. Nilikuwa naambia batu, mumuone, mutu munyenyekevu, hapendi basifu kazi yake."

"Angekuambia tu, mama."

"Angeniambia nini? Minasimama mbele ya wazazi wake minamuita shujaa, aniambie, bibi, kaa chini, ni bunduki ilinipasukia?" Akatikisa kichwa. "Yeye alisema Chui. Siye njo tulimupatia miguu na mukia."

Onésime alidhani mama atacheka, na kweli midomo yake ilianza kucheka, lakini machozi yaliitangulia.

"Na mi nilimupatia mutoto wa Jéthro," akasema. "Kitu ya kumuua, nikamuambia enda."

Akalia. Si kilio cha msibani, chenye maneno. Alilia kimya, ameshika ile ngozi ya mbuzi kwenye paja, na mwanawe akamshika bega.

Jumapili baada ya ibada Malachie alikuja karakanani bila kubadilisha nguo, na mfuko mdogo mgongoni. Mfukoni mwa shati la baba yake zilichungulia kartushi mbili nyekundu, mpya. Onésime alikuwa ameiweka bunduki wazi juu ya meza, mshono wa shaba ukitazama juu. Akamwambia kila kitu: milimita, kutu, jina la bunduki, neno la babu. Mama Kyakimwa alisimama mlangoni akiitikia.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Papa mudogo, weye ni mufundi."

"Ndiyo."

"Huu ufa, mufundi anaweza kuufanya mwenyewe mu siku moja, aseme ni wa zamani. Na shaba iko hapa mu karakana yako. Naiona pale."

Onésime akageuka, akaiona, mabaki ya shaba kwenye kopo. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwamini kwa sababu ya mikono yake, na leo mikono hiyohiyo ndiyo iliyomharibia ushahidi.

"Mi njo nilikata ile ngozi," bibi akasema. "Na macho yangu niliona."

"Koko, mulisikilizana. Munanipenda, ninajua. Lakini munaogopa." Akalishika shati la baba yake. "Papa alisemaka, Onésime anapenda mashine sababu mashine haiendaka vita. Mukiniambia sokulu hakupiga chui, minabaki na nini? Papa yangu balimukata sawa muti. Minapashwa kutoka kwa mutu mumoja alipigana!"

Akaichukua bunduki, akaikunja, akazitia kartushi. Ziliingia bila tabu yoyote, mpaka mwisho, vizuri kabisa, kama zilitengenezewa pale. Akaifunga. Akamtazama baba yake mdogo kana kwamba hiyo ndiyo hoja ya kumaliza kesi.

Onésime hakutafuta maneno mengine. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaushika mtutu pale kwenye mshono, vidole vyote.

"Vuta," akasema.

"Papa mudogo, toa mukono."

"Kama mi ni mudanganyifu, haitanifanya kitu. Pale kwa ukuta kuko mifuko ya mchanga. Vuta, tujue, kisha uende."

"Bajeshi batasikia."

"Bakuje. Nimeisha choka, Malachie. Nimezika mpaka nimesahau mpangilio. Vuta."

Msije mkadhani alikuwa shujaa. Shujaa ana nguvu za kumtosha. Yeye alikuwa mtu anayehitaji kuegemea kitu ili asianguke, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa ule mtutu. Mama Kyakimwa alianza kumwita Mungu kwa Kinande, polepole.

Malachie aliuangalia ule mkono. Kucha zilikuwa na mafuta meusi pembeni, kidole gumba kifupi na kipana, kidole cha ukoo wao, kilekile cha Jéthro. Aliuangalia kwa muda mrefu mno. Kisha kijana akaikunja bunduki ghafla. Kartushi zikatoka, zikaanguka sakafuni, zikaviringika chini ya meza.

"Sikuwaambia namna nilimukuta," akasema.

Akailaza bunduki juu ya meza.

"Alikingaka na mikono, papa mudogo. Alikuwa anakinga. Mikono yake..." Akaonyesha kwenye yake mwenyewe, hapa, na hapa, na vidole hivi. "Nilibitafuta mu majani. Sikubipata byote. Nilimuzika bila byote."

Akakaa sakafuni, kwenye vumbi la vyuma na shati lile la marehemu, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afike Butembo. Bibi yake alishuka pale chini kwa taabu, goti moja kisha la pili, akakivuta kichwa chake kifuani. Onésime aliichukua bunduki, akaitia kwenye jiliwa la kubana vyuma, akaikaza mpaka mitutu ikalia na kujikunja. Hakumuuliza mtu ruhusa, na mama yake hakumkataza.

Nje kulisikika pikipiki, kisha mluzi, kisha sauti za vijana zikiita jina la Malachie. Onésime alikwenda mlangoni. Walikuwa wanane au tisa, na mabuti ya mvua, wadogo kuliko alivyowakumbuka.

"Malachie eko mugonjwa," akawaambia. "Na nyinyi kaeni. Ingieni, kuko chakula."

Mmoja alicheka kwa heshima. Mwingine alitazama mlango ule kitambo, kama mtu anayesikia harufu ya chakula, halafu akapanda pikipiki na wenzake. Onésime alisimama mpaka mlio ukaishia kwenye kona ya barabara, na hakuna aliyegeuka. Ilimuuma kwamba hakujua hata majina yao yote.

Aliporudi ndani, Malachie alikuwa amenyamaza. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa wa kitoto, uso aliouleta Krismasi zile Jéthro alipokuja na familia yake yote.

"Kesho nitabafuata na panga," akasema.

"Sawa, kesho," Onésime akamjibu, maana hakuwa na nguvu za kuomba zaidi ya leo.